SKULI ZINAPOFUNGULIWA: MTOTO ANAYEINGIA SEKONDARI NA DARAKA YA MZEE WAKE



Darsa hii haikutoka katika mlango wa tohara wala wa sala. Imetoka Mwembe Tayari, penye mabasi.

Mwezi wa Januari mtu akipita hapo baada ya sala ya alfajiri huyaona masanduku ya bati yamepangwa kando ya njia, na magodoro yaliyofungwa kamba, na ndoo zilizoandikwa majina kwa rangi. Kando ya kila sanduku amesimama kijana, sare yake ni mpya na mikono ya shati imemzidi, kwa kuwa mama yake amenunua ya kumfaa na mwakani. Hawa ndio wanaokwenda skuli za bweni. Na wenzao wa skuli za kutwa wako majumbani wakipiga pasi. Ni jambo la kufurahisha moyo. Lakini mtu akirudi kupita hapo hapo wiki mbili tatu baadaye huyaona masanduku mengine, machache, na kando yake vijana wanaotazama chini. Hao ndio waliochelewa. Na ukiwauliza majina yao, hawakosi kuwamo akina Ali na akina Fatuma, tena si mmoja wala wawili.

Basi mas'ala ya leo ni haya. Mwaka wa skuli haupotei siku ya mtihani, kama tudhanivyo. Hupotea mwanzoni, mlangoni, kabla mtoto hajakaa kitako. Na mwenye ufunguo wa mlango huo si mwalimu, ni mzee wake.

Kwanza yapasa tujue kilichobadilika, maana wengi wetu twazungumza habari za skuli kama zilivyokuwa zamani zetu. Utaratibu wa miaka minane ya msingi na minne ya sekondari ulianza mwaka 1985, na mtihani wake wa darasa la nane ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Watoto wa mtaala mpya walikwenda njia nyingine: wakasoma hadi Gredi ya 9, wakafanya mtihani wao mwishoni mwa mwaka 2025, na mwezi wa Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10, ambayo ndiyo mwanzo wa Sekondari Pevu. Hapo husoma miaka mitatu, hadi Gredi ya 12. Hao wa 2026 ndio wa kwanza kupita mlango huo katika nchi nzima. Hawana kaka wala dada wa kuwauliza habari zake.

Na jambo la kuingia skuli gani halikupimwa kwa mtihani mmoja tu. Mtihani wa Gredi ya 9 ulihesabiwa sitini kwa mia. Ishirini zilitoka katika mtihani wa Gredi ya 6, na ishirini zilizobaki katika kazi za darasani za Gredi ya 7 na ya 8. Maana yake ni kwamba mtoto huanza kujengewa nafasi yake tangu yungali mdogo. Mzee asemaye, "Atajitahidi mwaka wa mwisho," amekwisha kupoteza sehemu ya hesabu naye hana habari.

Tuje kwenye kuchelewa. Gredi ya 10 ilifunguliwa Jumatatu, tarehe 12 Januari 2026, na muhula ukafungwa tarehe 2 Aprili. Ukizihesabu, wiki 12 hazitimii. Basi mtoto aliyefika wiki mbili nyuma alikwisha kupoteza sehemu moja katika sita ya muhula wote, na hapo hatujatoa mapumziko ya katikati. Lau mtumishi dukani kwako angekuibia sehemu moja katika sita ya mtaji, ungempeleka polisi. Hapa mwizi ni sisi wenyewe, na mtaji ni umri wa mtoto.

Wala wiki za mwanzo si sawa na wiki nyingine. Katika siku hizo ndipo vitabu vinapogawanywa, na vitanda, na viti. Ndipo mwalimu anapoyajua majina. Ndipo vijana wanapofanya marafiki wao, na rafiki wa wiki ya kwanza huwa ndiye rafiki wa miaka yote. Na juu ya hayo, hapo ndipo msingi wa kila somo unapowekwa. Waliosoma nahau chuoni watanifahamu. Mwanzo kabisa wa Ajurrumiyya twafunzwa maneno ni nini na yamegawanyika sehemu ngapi: jina, kitendo na herufi. Ni darsa ya siku moja au mbili. Lakini mwanafunzi aliyeikosa hukaa mwaka mzima akisikia "ismu" na "fi'ili" na kutikisa kichwa kwa adabu, wala hajui linalosemwa. Na mwalimu humwona anatikisa kichwa, akadhani amefahamu. Fizikia na hisabati ni hivyo hivyo. Anayekuja wiki ya tatu haikuti darsa. Huukuta mwangwi wake.

Huenda mtu akasema: "Sheikh, wewe wazungumza juu ya kiti cha msikitini. Sisi tumechelewa kwa sababu ya fedha." Na sisi twamjibu kwamba neno hili ni la kweli, wala hatulidharau. Skuli za sekondari za kutwa za serikali ziliondolewa ada ya mafunzo mwaka 2008, lakini bweni lina gharama yake. Skuli za bweni za daraja kubwa zimewekewa ada ya shilingi 53,554 kwa mwaka, na kwa desturi ya malipo nusu yake hutakiwa muhula wa kwanza. Ongeza sanduku, godoro, shuka, viatu na sare, na nauli ya mtu wawili. Mchukuzi wa bandarini, au mama anayekaanga viazi na bajia jioni, hiyo nusu haitoi mfukoni. Mwenye hali hiyo hana lawama yetu. Lawama ni kwetu sisi jirani zake ambao twajua, tukanyamaza mpaka mtoto wa watu amekaa nyumbani.

Lakini na tusemezane kweli. Mwezi wa Desemba ndio mwezi wa harusi zetu. Katika mwezi huo huo, katika mtaa huo huo, ambamo Januari mtoto amekosa ada, hupikwa pilau ya sufuria kumi. Hukodiwa viti, mahema na vyombo vya sauti. Akina mama hununua nguo tatu kwa siku tatu, kila moja kwa sherehe yake, na nyingine haivaliwi tena. Mtoto wa nyumba hiyo hiyo huambiwa, "Subiri kidogo." Sisemi watu wasioe wala wasile. Walima ni Sunna. Nasema kwamba mwenye kuijua tarehe ya harusi miezi sita mbele, akaiwekea akiba na kuichangisha jamaa zake, aliijua pia tarehe ya skuli, kwa kuwa hutangazwa mapema, wala hakumchangisha mtu hata mmoja. Jamaa wakiombwa mchango wa harusi hutoa kwa kuona haya. Na waombwe mchango wa sanduku la mtoto kwa haya hiyo hiyo, tuone kama watakataa. Na basari nazo zina siku zake za kuombwa. Mwenye kukumbuka fomu siku ambayo basi lang'oa nanga hakuichelewesha serikali, amejichelewesha mwenyewe.

Ndugu zangu, sisi watu wa pwani ni Mashafii. Twasema "madhehebu yetu" na twajifaharisha nayo. Lakini ni wangapi wanaojua jinsi Imamu mwenyewe alivyoingia chuoni? Imamu Shafii alizaliwa Gaza mwaka 150 wa Hijra, akafiwa na baba yungali mdogo, na mama yake akamchukua Makka ili asipotee mbali na jamaa zake. Mama huyo hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Hakusema, "Subiri mpaka nipate." Alimpeleka hivyo hivyo, na mwalimu alipoona yule kijana ashika kila anachofunzwa, tena awaangalia watoto wenziwe pindi mwalimu aondokapo, akaridhika na hilo likawa ndiyo ada. Baadaye, kwa kukosa karatasi, alikuwa akiandika ilimu juu ya mifupa na kuikusanya katika mtungi. Twasoma sana yale aliyoyafanya Imamu. Yule mama hatumsomi, na kama si yeye kumshika mkono siku ile, madhehebu haya tusingeyajua.

Sasa nitakuja kwenye jambo ambalo hasa limenifanya nishike kalamu, nalo laniaibisha.

Katika Sekondari Pevu mtoto hasomi kila kitu kama zamani. Ameekewa mikondo mitatu. Wa kwanza ni wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wa pili ni wa sayansi za jamii, ambamo mna lugha na historia na dini. Na wa tatu ni wa sanaa na sayansi ya michezo. Yako masomo ambayo ni lazima kwa wote: Kiingereza, Kiswahili, hisabati na somo la huduma kwa jamii, kisha kila mmoja huchagua masomo matatu kulingana na mkondo wake. Uchaguzi huu wa mikondo na wa skuli ulifanywa katikati ya mwaka 2025, mtoto yungali Gredi ya 9, na aliandikisha skuli 12. Maana yake, kijana wa miaka kumi na minne au kumi na mitano alitakiwa kuonyesha njia atakayokwenda maishani, na karatasi ikaletwa nyumbani ili mzee aione.

Mwanangu wa kiume alikuwa miongoni mwao. Aliniletea karatasi baada ya Isha, nami nilikuwa natayarisha darsa ya mirathi. Mimi nimesoma chuoni na katika madarasa ya misikiti. Sekondari sikuipita, na mambo ya mikondo sikuwa nayajua. Badala ya kuuliza, nilidhani. Nilidhani kwamba mtoto wa sheikh mahali pake ni penye Kiarabu na mafunzo ya dini, na kwa kuwa hayo yamo katika mkondo wa pili, niliuonyesha kwa kidole, nikatia sahihi, nikarudi kitabuni. Haikuchukua muda wa kunywa kahawa. Yeye hakusema neno. Mimi nikauita unyamavu ule adabu, nikafurahi nao.

Mwezi wa Desemba mwaka huo kulifunguliwa siku chache za wazee kuomba kubadilishiwa watoto skuli. Zikapita, nami sikuona la kubadilisha. Januari nikampeleka. Tulipofika mbele ya mwalimu wa kuandikisha, mwalimu yule, kwa upole tu, akamwuliza, "Na wewe, kijana, wapenda kusoma nini?" Mtoto hakumjibu. Aligeuka akanitazama mimi. Basi hapo nilifahamu. Nilimwambia, "Mjibu mwalimu, nakupa ruhusa." Akasema kwa sauti ndogo kwamba ataka umeme. Tangu mdogo ndiye anayefungua redio na feni za nyumbani, na mimi nilikuwa nikimgombeza kwa kuziharibu, ingawa kila mara feni ilikuwa ikirudi kuzunguka.

Tuliomba abadilishwe. Tukaambiwa nafasi za sayansi zimejaa, tungoje. Alikubaliwa wiki ya tatu. Kwa hiyo mwanangu pia ni mmoja wa waliochelewa, na aliyemchelewesha si umasikini wala harusi. Ni baba yake, aliyekuwa akifunza watu mirathi wakati ule ule. Kwa miezi mingi alikuwa akinakili daftari za wenzake usiku.

Huenda mtu akanishangaa: sheikh, mtoto wake aache dini akasome umeme? Na sisi twamjibu kwamba hakuacha dini. Na mwenye kudhani kwamba hisabati si katika mambo ya dini, na aje akae nasi katika darsa ya faraidhi tugawe fungu la mke na la mama na la mabinti wawili bila hesabu ya sehemu za sehemu, tuone kama kila mtu atapata haki yake. Nyakati za sala na upande wa Kibla wanavyuoni wetu walizitoa katika ilimu ya falaki, nayo ni hesabu tupu. Zaidi ya hayo, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alipowateka watu wa Badri, wale wasiokuwa na mali waliojua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafunza watoto wa Madina. Hao walikuwa washirikina, na maadui wa vitani. Hakuogopa kwamba herufi zitamtia mtoto ukafiri.

Na hapa mjini kwetu jambo hili si geni, ila tumelisahau. Skuli ya serikali ya watoto wa Kiarabu ilifunguliwa Mombasa mwaka 1912, na wazee wengi wakaiogopa. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alisimama katika gazeti lake la Al-Islah, mwaka 1932, kuwahimiza watu wasome ya dini na ya dunia, wala wasiyaachie mataifa mengine wao wakabaki na fahari ya nasaba. Kisha mwaka 1951 chuo kile cha ufundi cha Waislamu, ambacho watu walikiita kwa kifupi MIOME, kikaanza kupokea wanafunzi. Kilijengwa kwa fedha nyingi za Waislamu wenyewe, miongoni mwao Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamaa wa Kibohora, na vijana wakafunzwa humo umeme, useremala na ubaharia. Mwaka 1966 kilibadilishwa jina kikawa cha ufundi cha Mombasa kwa watu wote, na leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa tangu mwaka 2013. Basi huo mkondo wa ufundi tunaouona kama ni wa watoto wa wengine, wazee wetu waliulipia kwa mikono yao zaidi ya miaka sabini iliyopita.

Chuo hicho kimenikumbusha jambo jingine, kwa ajili ya wale ambao watoto wao hawakupata alama nzuri, na wameingia skuli ya karibu na nyumbani huku wakiona haya kuwaambia majirani jina lake. Mtoto wa Sheikh Al-Amin, Ali Mazrui, alimaliza sekondari hapa Mombasa kwa daraja ya tatu. Daraja ile haikumpeleka Makerere. Alikwenda kufanya kazi ya ukarani hapo hapo MIOME. Baadaye akapata nafasi ya kusoma Uingereza, akapata shahada ya Manchester mwaka 1960, ya Columbia huko Marekani mwaka 1961, na ya udaktari Oxford mwaka 1966. Na Makerere ile ile ambayo hakuingia kama mwanafunzi, aliingia kama profesa. Alifariki mwaka 2014 akazikwa Mombasa. Si kila karani atakuwa Mazrui, hilo twalijua. Lakini mzee anayemwambia mtoto mwezi wa Januari, "Wewe umekwisha kufeli, nenda tu ukamalize," ajue kwamba ametoa hukumu ambayo hata mtihani haukuitoa.

Sasa dini ya mtoto akiwa skulini. Hapa nitasema machache kwa kuwa kila mwaka twayasema, ingawa lipo moja ambalo hatulisemi kabisa: umri. Mtoto huingia sekondari katika umri ule ule anaobaleghe, au karibu yake. Yaani siku ambazo sala na saumu zinakuwa faradhi juu yake mwenyewe, na malaika wamuandikia, ndizo siku tunazomtoa chuoni na kusema, "Sasa ana masomo mengi." Alipokuwa mdogo asiyeandikiwa kitu tulimpiga aende chuoni. Alipoandikiwa tukamwachia. Hesabu hii imepinduka. Kwa aliye skuli ya kutwa, chuo cha Jumamosi na Jumapili kisikatwe. Na sisi waalimu wa vyuo tupunguze kumrudisha nyuma na watoto wa miaka saba kwa kuwa tu alikosa juma moja, maana kijana wa sekondari huona haya, na haya hiyo ndiyo inayomkimbiza.

Na kwa aliye bweni, mzee aulize kabla ya kufunga sanduku. Vijana wasali wapi? Ijumaa waruhusiwa kutoka? Ramadhani itakuwaje? Swali hili la Ramadhani si la mbali, kwa kuwa kwa miaka hii mwezi umeangukia ndani ya muhula wa kwanza: ule wa mwaka 1447 ulikuwa Februari na Machi 2026, na wa 1448 umetazamiwa Februari 2027. Mtoto mgeni, ambaye hajui hata jikoni ni wapi, ataamka kula daku kwa ruhusa ya nani? Mzee akilizungumza na mwalimu mkuu mwezi wa Januari kwa maneno mazuri, mara nyingi hupatikana njia. Akilizungumza usiku wa mwezi kuandama, kwa simu na kwa hasira, hupatikana ugomvi. Pia mtaala mpya umeweka kipindi cha malezi ya dini katika wiki. Kipindi kipo, ustadhi wa kukisomesha kwa watoto wa Kiislamu ndiye asiyekuwapo katika skuli nyingi. Vijana wetu waliohitimu vyuoni, ambao hulalamika kwamba hawana pa kufunza, na wabishe hodi huko.

Kwa mabinti kuna mas'ala ya hijabu. Watu wengi husema kwamba Mahakama ya Juu iliiharamisha skulini, na baadhi ya wazee wamefanya hilo sababu ya kumweka binti nyumbani. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilitoa hukumu ya kuwaruhusu wasichana wa skuli moja ya Isiolo. Na tarehe 24 Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo kwa sababu madai hayakuletwa mahakamani kwa njia iliyo sawa kisheria, ikaacha mlango wazi wa kuyaleta upya. Basi skuli hazilingani. Ziko zinazoruhusu kwa rangi ya sare na ziko zinazokataa. Mzee aende akaulize mapema, apewe jibu, achague. Asimpeleke binti mpaka langoni akarudishwa mbele ya wenzake, kisha akaondoka na fedheha atakayoikumbuka maisha yake. Na akikosa bweni linalomridhisha, skuli ya kutwa ipo. Lakini kumweka nyumbani mtoto aliyefaulu, kwa neno tulilolisikia barazani wala hatukulichungua, hilo twamwogopea jibu lake mbele ya Mola wake, maana binti ni amana kama kijana wa kiume alivyo.

Neno la mwisho ni tangazo. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya matokeo ya Gredi ya 9 kutoka, darsa yetu itakaa baada ya sala ya Isha kwa ajili ya jambo hili peke yake. Watakuwapo waalimu wawili wa sekondari, wa mtaa huu, ambao wamekubali kwa ajili ya Mungu kuzisoma barua za watoto pamoja na wazee wao na kuwaeleza maana yake neno kwa neno. Mama zao pia waje. Upande wao umetengwa. Mwenye upungufu wa ada na amwambie mweka hazina faraghani kabla ya siku hiyo, si baada ya skuli kufunguliwa. Na mwenye sanduku la mtoto aliyekwisha kumaliza, alilete, hata kama bati lake limebonyea. Na wazee wa watoto wa Gredi ya 9 ambao bado hawajachagua mkondo, hao ndio tunaowahitaji zaidi: njoo na mtoto wako, umwache azungumze yeye kwanza.

Mwanangu naye nimemwambia aje, akae mbele, na ile karatasi niliyoitia sahihi aje nayo. Itasomwa ya kwanza.